Swichi ya Jumanne

Yule kondoo hauzwi. Nimewaambia wanunuzi wa Krismasi, nimewaambia wa Pasaka, nimemwambia hata mchungaji aliyejifanya anapita tu kutusalimia. Kondoo mzee, pembe zimejikunja mpaka masikioni, meno yameanza kumwisha, na bado mtu atasimama mlangoni kwa kaka yangu na kusema, "Mama Ekuwa, si mngemchinja tu mkamla?" Hivi nyie watu wa Bosomdo mna nini? Miaka sita mnamwona amefungwa pale, na kila mmoja wenu anajitia kujua kwa nini. Mnajua nusu. Nusu nyingine ninayo mimi, na leo nitaisema, maana nimechoka nayo.

Kaka yangu jina lake ni Kobina Arkorful, lakini tangu utoto tunamwita Ebo, kama wanaume wengi wa kwetu waliozaliwa Jumanne. Jumanne ni siku ya bahari. Bosompo, mwenye maji yote yale, hupumzika siku hiyo, na hakuna mtumbwi unaoshushwa. Wanaume hukaa kwenye kibanda cha mkuu wa wavuvi wakishona nyavu, wanasikiliza kesi, wanataniana, wanagombana kidogo, jua linazama. Anayekwenda baharini Jumanne hutozwa kondoo na chupa ya jini, ile pombe kali ya dukani, na aibu ni nyongeza. Sisi aibu hiyo tunaijua vizuri. Baba yetu alikwenda.

Nilikuwa na miaka saba, Ebo kumi na miwili. Msimu ulikuwa mbaya, nyumbani tulikuwa tunakula muhogo mtupu na pilipili, na Jumanne moja asubuhi Baba akajitwisha wavu akaenda. Walimkamata akirudi. Kondoo alitolewa, jini ikamwagwa, wavu ukachomwa moto palepale ufukweni huku watu wakitazama. Yote hayo yaliisha siku moja. Lililobaki ni jina. Tuliitwa watoto wa mwizi wa Jumanne, shuleni, kisimani, mpaka kanisani. Mimi nilipigana na kila aliyesema, na kuna mtu mzima hapa mjini hana jino la mbele kwa sababu yangu. Ebo hakupigana. Alikwenda peke yake kwenye kibanda cha wavuvi, mtoto wa miaka kumi na miwili, akaapa mbele ya wazee kwamba hatagusa bahari siku ya Jumanne mpaka azikwe. Na hakugusa. Hata kunawa miguu ufukweni hakunawa.

Alivua zaidi ya miaka thelathini. Alikuwa nahodha wa mtumbwi mkubwa wenye maneno "Subiri Uone" ubavuni, na watu walikuwa wakimtazama usoni kabla ya kuamua kutoka. Akisema mawimbi leo yana njaa, wote wanarudi kulala. Kisha siku moja wakati wa kuvuta mtumbwi nchi kavu, gogo likateleza na mtumbwi ukamlalia mgongoni. Hakufa, ila mgongo ukaisha. Mwanaume wa miaka arobaini na tisa akabaki kukaa kwenye kigoda akimenya vitunguu vya mkewe, kila anayepita anamwambia pole. Hakuna kitu kilichomuudhi Ebo kama pole.

Ndipo watu wa kampuni ya umeme wa mawimbi walipokuja.

Aliyekuja kutueleza ni Injinia Serwaa, binti wa Kumasi kule bara, mwembamba, mkarimu wa maneno, ambaye kabla ya kufika kwetu maji mengi aliyowahi kuyaona nadhani ni ya beseni. Alisimama kwenye kibanda cha wavuvi na picha zake. Maboya manane ya njano, kila moja kubwa kuliko tangi la maji la shule, yataelea mbele ya mji. Chini ya kila boya kuna kamba ya chuma, na mwisho wa kamba kuna mashine imekaa kwenye sakafu ya bahari. Wimbi linanyanyua boya, boya linavuta kamba, kamba inazungusha tumbo la mashine, umeme unatoka. Waya unapita chini ya mchanga mpaka kwenye kijumba kitakachojengwa karibu na pale ninapouzia kenkey, madonge yetu ya unga wa mahindi uliochachushwa.

"Na uzuri wake," akasema, "upepo ukilala, mawimbi hayalali. Yanatoka mbali sana huko kusini. Yanakuja tu, usiku na mchana, siku saba za wiki."

Nana Egyir, mkuu wa wavuvi, akakohoa. "Siku ngapi?"

"Saba, Nana."

"Mwanangu, huku kwetu bahari inafanya kazi siku sita."

Watu wakacheka mpaka wengine wakajishika mbavu. Serwaa hakucheka. Alifungua daftari lake akaandika, na hapo ndipo nilipoanza kumpenda.

Mazungumzo yalichukua wiki tatu. Wako waliosema mashine si wavu, haichukui samaki, iachwe iendelee. Wako waliosema kumchukulia mtu nguvu zake siku anayopumzika ni wizi ule ule. Mwisho Nana akaamua: mashine itazimwa Jumanne alfajiri na kuwashwa Jumatano alfajiri. Kumbe Serwaa naye ikamfaa. Alihitaji siku moja ya kuzamia na kusafisha mashine bila nyavu na mitumbwi kumzingira, na watu wake wa kazi walikuwa wageni. Nana akasema wageni waende tu, bahari haiwajui. Ikabaki swali moja, nani atakuwa na funguo za kijumba, nani atashika swichi. Lazima awe mtu atakayefanya mji wote ulale usingizi ukijua Jumanne imetunzwa.

Hakuna aliyetaja jina. Vichwa viligeuka tu, kimoja kimoja, mpaka vyote vikawa vinamtazama Ebo kwenye kigoda chake.

Jamani, nililia. Nililia kama mjinga mbele ya watu. Mtoto wa mwizi wa Jumanne ndiye amekuwa mlinzi wa Jumanne. Ebo alisimama, na mgongo ule mbovu siku ile ulinyooka. Aliniambia tukiwa tunarudi, "Ekuwa, Baba amepumzika sasa." Nikamwambia aache kuongea, atanifanya nianze upya.

Taa ziliwaka miezi kumi na moja. Nawaambia walio wadogo, maana mnadhani nguzo zile zilisimikwa kwa ajili ya kuanikia nguo. Taa zilikuwa zikiwaka njia nzima kutoka kanisani mpaka ufukweni. Kilijengwa chumba cha barafu, na kwa mara ya kwanza mwanamke wa Bosomdo aliweza kumwambia mnunuzi wa mjini, "Hiyo ndiyo bei yako? Basi nenda, samaki wangu watanisubiri." Zamani ilikuwa wewe ndiye unayembembeleza, jua linapanda na samaki wananuka. Mimi nilinunua kinu cha umeme cha kusagia mahindi. Asubuhi nilikuwa nasaga mwenyewe, nafunga kenkey zangu kwenye majani ya mgomba, nawasha jiko, na saa moja niko mezani kwangu nje ya kijumba.

Ebo ndani ya kijumba alikuwa mtu mpya. Swichi ilikuwa ukutani, mkono mwekundu mrefu kama mwiko wa ugali, unaupandisha umeme unakwenda mjini, unaushusha umekatika. Kitu chepesi, cha mkono mmoja. Lakini yeye hakuishia hapo. Alikaa akisikiliza mashine inavyovuma, na kwa mvumo tu akawa anakwambia wimbi lililopita lilikuwa na urefu gani. Serwaa mwanzoni alidhani ni mzaha, akaangalia vipimo vyake, akakuta ni sawa.

Ebo ndiye aliyeuliza kwa nini siku za Jumanne maboya yanaruka hovyo. Serwaa akamleta kwenye kinu changu. "Dada Ekuwa, washa bila mahindi." Nikawasha, kinu kikapiga kelele kinakimbia. "Sasa weka mahindi." Nikaweka, kikapoa, kikawa kinazunguka kwa uzito. "Basi ni hivyo," Serwaa akasema. "Mji ndio mahindi. Swichi ikiwa juu boya lina mzigo, linapanda taratibu na kushuka taratibu. Swichi ikiwa chini boya ni tupu, linarushwa linavyotaka wimbi." Ebo akaelewa. Na mimi nilielewa, sitadanganya. Kinu kilikuwa changu.

Mzamiaji alikuwa Dotse, mtu wa kabila la Ewe kutoka kule Keta, kijana wa miaka kama thelathini na mbili, mabega mapana, mdomo haufungwi. Kila Jumanne kabla ya kuzamia alipita mezani kwangu kula nusu kenkey na samaki mmoja, nusu tu, kwa sababu alisema tumbo likijaa halizami.

"Dada Ekuwa, mbona kenkey ya leo ndogo? Umeinyoa?"

"Wewe ndiye macho yamekua. Kula uondoke."

"Kwetu Keta hii tunampa mtoto ashikilie wakati anasubiri chakula."

"Basi rudi Keta!"

"Nikirudi nani atawatazamia mashine? Nyie Wafante mkiona samaki mmoja tu mtaacha kazi mumfukuze."

Nilimpiga kwa kitambaa cha kufutia meza. Kisha alikuwa akisimama mlangoni mwa kijumba, anamsalimia Ebo, na kila Jumanne anauliza swali lile lile.

"Bwana Jumanne, umeshailaza?"

"Imelala," Ebo alikuwa akimjibu, na kumwonyesha swichi iliyo chini.

Hapo ndipo Dotse alipokuwa akivaa mitungi yake ya hewa. Hakuwahi kuingia majini bila kulisikia neno lile.

Jumanne ninayoisema ilikuwa ya mwezi wa nane. Boya namba tano lilikuwa na kamba iliyoota konokono na majani, likawa halivuti sawasawa. Bahari ilikuwa imetulia, hakuna upepo hata wa kupeperusha majivu. Dotse alikula nusu yake, akaniambia pilipili yangu leo imekuja na ndugu zake, akaenda kuuliza swali lake, akajibiwa. Mashua ya kazi ikatoka na watu wanne, yeye, Serwaa na mabaharia wawili wa kukodi kutoka Tema.

Ilipata saa nne asubuhi. Nilikuwa nampelekea Ebo chakula chake. Alikuwa amekaa kizingitini, redio ya kuongea na mashua iko pajani, anatazama maji. Ghafla akainua shingo.

"Yanakuja," akasema.

"Nini?"

Mimi sikuona kitu ila mstari mweusi kule mbali, lakini yeye alikwishashika redio. "Injinia, mtoe Dotse. Kuna mawimbi marefu yanakuja, matano au sita, na nyuma yake yako mengine."

Sauti ya Serwaa ikarudi imejaa mngurumo wa injini. "Yuko chini, Mzee Ebo, anamalizia kufunga. Dakika mbili."

"Huna dakika mbili. Mtoe."

Wimbi la kwanza lilipita chini ya maboya na tukaona manane yote yakirushwa, namba tano likiruka kuliko wenzake. La pili likaja. Serwaa akapiga kelele kwenye redio, na Ebo akaishika sikioni kwa mikono miwili.

"Kamba imelegea imemshika mguu! Inamvuta juu inamwachia, inamvuta juu inamwachia! Hatuwezi kumfikia, boya linaturukia! Washa, Mzee Ebo! Washa mashine lipate uzito, tumfungue! Washa!"

Ebo aliingia ndani, akaiachia redio sakafuni, na mimi nikamfuata, sahani bado iko mkononi. Aliuweka mkono wake wa kulia kwenye swichi. Alikuwa ameshaushika, naapa. Nami nikaidondosha sahani, nikamshika mkono ule kwa mikono yangu yote miwili.

"Kaka, leo Jumanne."

"Naijua siku."

"Uliapa! Mbele ya wazee wote uliapa. Unataka waturudishie lile jina?"

"Ekuwa, mtu anakufa."

"Nenda kwa Nana kwanza. Si pale tu! Aseme yeye mwenyewe. Akisema yeye, hutakuwa umevunja kitu. Nenda upesi!"

Alinitazama. Sijui aliona nini usoni mwangu, pengine aliniona nikiwa na miaka saba, nimesimama kwenye moshi wa wavu wa Baba. Akauachia ule mkono mwekundu akatoka.

Kutoka kijumbani mpaka kibanda cha wavuvi unapita matanuri ya kukaushia samaki na ukuta wa kanisa. Kijana anatumia dakika mbili. Ebo na mgongo ule alikimbia amejikunja upande mmoja, anajishikilia ukutani. Mimi nilibaki kijumbani na redio sakafuni. Serwaa alikuwa anaita. "Ebo? Mbona hujawasha? Ebo, jamani, washa! Kuna mtu hapo? Yeyote, pandisha tu huo mkono!" Swichi ilikuwa mbele yangu. Sikuhitaji hata kunyoosha mkono wote. Nilisimama nimejikumbatia, namwambia Mungu amharakishe kaka yangu.

Ya kibandani nilisimuliwa na waliokuwepo. Ebo aliingia akaanguka kwa magoti, akasema, "Nana, naomba ruhusa niwashe mashine, mzamiaji amenaswa." Nana Egyir alikuwa na sindano ya kushonea nyavu mdomoni. Aliitema.

"Umekuja kuniomba?"

"Leo Jumanne, Nana."

"Mtu yuko majini nawe umekuja kuniomba? Kawashe, mwehu wewe! Kimbia!"

Walikuja wote mbio, wengine wakimshika Ebo kwapani wakimbeba. Aliingia akapandisha swichi kwa nguvu mpaka ukuta ukatikisika. Kijumba kikavuma. Huko nje taa zote za njia zikawaka, mchana kweupe, siku ya Jumanne, na wanawake wakatoka majumbani wakiuliza kuna nini. Na kule majini boya namba tano likapoa. Lilipanda taratibu, likashuka taratibu, kama tulivyoelezwa.

Redio ikasema, "Limetulia. Asante. Limetulia, wanamfungua." Kisha Serwaa akasema kwa sauti ndogo sana, "Lakini hatikisiki."

Walimlaza ufukweni juu ya turubai. Uso wake haukuwa na jeraha hata moja, ila mguu ulikuwa haufai kutazamwa, na kile kitu cha kupumulia kilikuwa kimemtoka mdomoni kwa kutikiswa. Taa ziliendelea kuwaka juu yetu mpaka mtu akamkumbusha Ebo azime.

Ndugu zake walikuja siku ya tatu kutoka Keta, wajomba wawili na mama yake, wote wamevaa nguo nyeusi na nyekundu za msiba. Walisimama majini mpaka magotini wakamwita kwa jina lake mara tatu ili roho iwafuate nyumbani. Halafu mama yake akaomba kuonyeshwa mtu anayeshika swichi. Ebo akajitokeza mwenyewe.

"Mwanangu aliniambia habari zako," yule mama akasema. "Alisema hawezi kuzama mpaka umwambie imelala. Siku ile walipokuita, ulikuwa wapi?"

"Nilikwenda kuomba ruhusa, Mama."

"Ruhusa ya nini?"

Ebo akavua kofia. Yule mama alimsubiri, kwa heshima kabisa, anataka kweli kujua, na kaka yangu akasimama pale mpaka wajomba wakamshika dada yao mkono wakaondoka.

Jumanne iliyofuata kesi ilisikilizwa kibandani. Ebo hakusubiri kuulizwa. Akasema, "Nimewasha Jumanne. Nitozeni."

Nana Egyir akatikisa kichwa. "Nikutoze nini? Sheria ni ya nyavu, Ebo. Bahari inapumzika isivuliwe. Kumtoa mtu hakujawahi kuwa na Jumanne, tangu babu wa babu yangu. Baba yenu tulimtoza kwa sababu alikwenda na wavu. Angekwenda kumwokoa mtu tungempokea kwa ngoma. Wewe umeshika Jumanne maisha yako yote, hukuwahi kuuliza inakataza nini?"

Kaka yangu akakaa chini, mkono mgongoni.

"Na hata kama ningekutoza," Nana akasema, na sasa sauti yake ilikuwa ya huruma, na huruma ile ndiyo iliyomuua Ebo, "ni kondoo mmoja tu. Kondoo mmoja na chupa ya jini. Nani alikushauri uje kwangu kwanza?"

Nilikuwa nimekaa ukingoni na wanawake wa kenkey. Ebo hakunitazama hata kidogo.

"Ni akili yangu mwenyewe, Nana," akasema.

Na mimi nikakaa kimya. Mimi, niliyewahi kumvunja mtu jino kwa neno moja, nilikaa kimya.

Kabla ya mwaka kwisha kampuni iliondoka kwa ajili ya kifo kile. Serwaa alikuja kuniaga, akanikumbatia, akalia begani kwangu, akaniambia, "Sauti yangu ilikuwa inafika, Dada Ekuwa, redio ilikuwa nzima, sijui kwa nini hakuna aliyesikia." Nilimpapasa mgongo nikamwambia Mungu ndiye anajua. Maboya saba waliyavuta wakaenda nayo. Namba tano walishindwa kulitoa, liko pale mpaka leo, rangi imeisha, ndege wanalinyea. Kwenye chumba cha barafu wanalala mbuzi. Kinu changu nilikiuza nikarudi kusaga kwa mashine ya dizeli kwa foleni. Na kwa kuwa watu lazima wawe na wa kumlaumu, kaka yangu akapewa jina jipya: Ebo Aliyetuzimia Taa. Watoto ndio wanaolitamka kwa sauti, wakubwa husubiri apite. Mkewe alivumilia mwaka mmoja, kisha akaenda kwa binti yao Takoradi kusaidia kulea mjukuu, na mjukuu yule sasa anakwenda shule na bibi hajarudi.

Kwa mshahara wake wa mwisho Ebo alinunua kondoo. Dume, jeupe, lenye doa jeusi shingoni. Jumanne ya kwanza alimfunga kamba akampeleka kibandani na chupa ya jini kwapani. Nana akamwambia, "Hukuvunja sheria. Rudi naye." Jumanne ya pili akampeleka tena. Walikuwa wanamcheka, kisha wakawa wanamkasirikia, kisha wakazoea. Nana Egyir alifariki mwaka juzi, na mkuu wa sasa hata hainui macho kwenye wavu wake. Ebo anasimama mlangoni na kondoo kwa muda, kama saa nzima hivi, halafu wanarudi wote wawili polepole, mgongo mbovu mbele na kondoo mzee nyuma. Sasa mmejua kwa nini hauzwi.

Jumanne iliyopita mvua ilikuwa inanyesha na Ebo alikuwa anakohoa. Nilimkuta anamfunga kondoo kamba. Nikamnyang'anya.

"Leo nampeleka mimi," nikamwambia. "Nitasimama pale niwaambie wote ni mimi. Ni mimi niliyekushika mkono, ni mimi niliyekutuma kwa Nana, ni mimi niliyebaki na ile swichi nikaitazama. Miaka sita umenibebea, Kaka. Kwa nini hukusema?"

Aliketi kizingitini. Alipumua kwanza, maana siku hizi kupumua nako ni kazi. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Wa kulia, Ekuwa," akasema.

"Wa kulia nini?"

"Ulinishika mkono wa kulia. Swichi ile ni ya mkono mmoja." Akaunyanyua mkono wake wa kushoto, akautazama juu na chini. "Huu haukuwa na kitu."

Akaichukua kamba mkononi mwangu, akavuta kofia yake, akatoka na kondoo wake kwenye mvua.